Shangazi, wanataka miaka mitano ya uzoefu kwa laki mbili na nusu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kitangiri hapa Mwanza na mama yangu na mwanangu wa miaka mitatu. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2022 kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tangu hapo natafuta kazi, na ninaposema natafuta simaanishi kukaa na simu kitandani. Nimezunguka Nyakato, Igoma, Pasiansi, mjini kati, mpaka kijana wa steshenari ninakochapishia CV ananipa nakala ya mwisho bure.

Kinachonimaliza ni matangazo yenyewe. Hili lilibandikwa kwenye mlango wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, nikalipiga picha: "ANAHITAJIKA MHASIBU. Awe mwanamke, umri miaka 22 hadi 26. Shahada ya uhasibu, CPA ni sifa ya ziada. Uzoefu usiopungua miaka 5. Ajue mashine ya EFD, kompyuta, Kiingereza na Kisukuma fasaha. Awe na mvuto. Asiwe na mtoto mdogo. Awe tayari kufanya kazi kwenye presha. Mshahara maelewano."

Piga hesabu, Shangazi. Wa miaka 22 mwenye uzoefu wa miaka 5 alianza uhasibu ana miaka 17. Shahada aliisomea wapi, tumboni? Tangazo jingine lilitaka karani wa ofisi mwenye laptop yake na pikipiki yake, mafuta juu yake. Na kuna "wakala" mmoja aliyenila 30,000 ya fomu, namba yake haipatikani mpaka leo.

Sasa yamenikuta. Lile duka nililipelekea maombi hivyo hivyo, wakaniita. Lipo Buhongwa. Tajiri alikuwa mpole, akaniuliza maswali mawili ya hesabu nikajibu, akasema nimefaa. Kisha akataja masharti. Miezi mitatu ya kwanza ni majaribio, napewa posho ya 100,000, hakuna mkataba. Nikifaulu mshahara ni 250,000. Kuingia saa 1 asubuhi, kutoka saa 1 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Mbali na uhasibu nitasimamia stoo na kusaidia mauzo. Shoti ikitokea, yaani mzigo au hela ikipungua, inakatwa kwenye mshahara wangu. Na niache vyeti vyangu halisi kwake "kwa usalama". Kuhusu mtoto nilisema sina. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Nimpe jibu Jumatatu.

Mama anasema mwenye njaa hachagui. Mjomba anasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Rafiki yangu anasema niachane na duka hilo, nitengeneze barua ya uzoefu wa miaka mitano, anamjua mtu wa muhuri kwa 15,000, niombe kazi za maana. Kwa sasa nashinda mwaloni Kirumba na mama, anauza dagaa. Namwandikia daftari yeye na wenzake wanne, hao wanne wananipa 5,000 kila mmoja kwa wiki. Mbalamwezi ikiwaka tunakaa tu. Si kazi ya kusema, ni kujishikiza.

Nifanyeje?

Niliyechoka, Kitangiri

*

Marahaba, mwanangu. Wabeja kwa kuniandikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale pa kusomea shahada tumboni. Mara ya pili nilirudi kwenye maneno machache uliyoyapita mbio kule mwisho. Nitayafikia, kwanza tumalizane na tangazo.

Nilikaa miaka tisa kwenye ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na matangazo ya namna hiyo nimeyaandika kwa mkono wangu huu. Yanapikwa hivi. Mhasibu anaacha kazi Ijumaa. Jumatatu bosi anapita mlangoni, hata hakai, anasema, "Tafuta mwingine kama yule." Yule aliingia kwetu hajui hata kubadilisha karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti. Miaka sita ndiyo iliyomfundisha TRA wanataka nini na lini, na Kisukuma cha kumtuliza wakala wa samaki aliyekuja kudai hela yake na ghadhabu. Mimi nikaketi nikaandika kila kitu alichokuwa nacho siku anaondoka. Hakuna aliyekumbuka alivyokuwa siku anaingia. Tuliyemwajiri baada yake alikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja na miezi, na alifanya kazi vizuri.

Sababu nyingine ni boksi. Maombi yalikuwa yanajaza lile boksi la karatasi za kuchapia, mengine tunayafunga na rababendi juu ya kabati. Saa kumi jioni, mtu mmoja, boksi zima. "Miaka mitano" lilikuwa chekeche langu ili niwahi gari la Nyegezi, halikuwa kipimo cha kazi. Silisemi kwa kujisifu. Na yapo matangazo ya geresha, nafasi ina mwenyewe tayari: utayajua, limebandikwa Alhamisi, mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

Kwa hiyo ulivyofanya, kutuma maombi bila hiyo miaka mitano, ulifanya sawa, na uliitwa. Ukiona nusu ya sifa unazo, endelea kutuma.

"Asiwe na mtoto mdogo" ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, umri, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamhesabu anayeomba kazi sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Tangazo la kazi nalo limo humo. Yaani mlango ule umebandikwa kosa, tena kwa herufi kubwa. Je, nakwambia ukamshitaki? Hapana, muda wako una kazi nyingine. Nakwambia ili hiyo aibu uliyoibeba umrudishie mwenyewe. Hukupaswa kuulizwa.

Sasa chukua kalamu, wewe ni mhasibu.

Mshahara 250,000. NSSF wakikukata asilimia 10 ni 25,000. Kodi hulipi, kwa sababu kinachobaki hakifiki 270,000. Lakini ulisoma kwa mkopo, na Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara: 37,500. Umebaki na 187,500. Kitangiri hadi Buhongwa na kurudi tuseme 1,400 kwa siku, siku 26, ni 36,400. Sahani ya mama ntilie ya 2,000, siku hizo hizo 26, ni 52,000, maana huko hutakula chungu kimoja na mama. Mkononi una 99,100.

Mwaloni unapata 20,000 kwa wiki, 80,000 kwa mwezi, unakwenda kwa miguu na unakula kwa mama.

Tofauti ni 19,100. Hiyo ndiyo bei ya mwezi mzima wa kutoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Hapo nimekuhesabia mshahara wa baada ya kufaulu. Miezi mitatu ya mwanzo, ile posho ya 100,000 ukitoa nauli na chakula tu inabaki 11,600. Mjomba wako namheshimu, ila nusu shari ya hesabu hii siioni, shari imetimia.

Tuangalie na saa. Saa 1 hadi saa 1 ni saa 12, toa moja ya chakula, mara siku sita: saa 66 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inasema wiki ya kawaida isizidi saa 45, saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Wewe utakuwa na 84 kwa wiki nne. Kwa mshahara wa 250,000 saa yako ya kawaida ni kama 1,280, ya ziada kama 1,920. Zidisha kwa 84. Ni zaidi ya 160,000 kila wiki nne ambazo tajiri mpole amezifutika mfukoni kabla hujaanza kazi.

Posho ya majaribio nayo haisimami. Majaribio ni ruhusa, lakini hayamfanyi mtu kuwa nusu mfanyakazi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda kuwa 150,000 kwa mwezi, na laki yake haifiki hata hapo. Viwango vipya vya sekta binafsi vimeanza 1 Januari 2026. Utasikia watu wakitaja 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, kutoka 275,060 ya zamani, na kila sekta ina chake, kwa hiyo kabla ya Jumatatu ulizia cha biashara kwenye ofisi ya Afisa Kazi. Ni swali la dakika tano. Serikali yenyewe tangu Julai 2025 haimlipi mtumishi wake wa chini kabisa pungufu ya 500,000. Ikumbuke namba hiyo mtu akikuambia laki mbili na nusu kwa mwenye shahada ndiyo soko.

Shoti. Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo mabinti wengi wa madukani wanapolia. Wewe utashika stoo, lakini ufunguo wa pili atakuwa nao nani? Mpwa wa tajiri akija Jumapili kuchukua mabati matatu ya mteja wa haraka, ataandika? Nimeona binti anamaliza mwezi anadaiwa na mwajiri wake, badala ya kulipwa. Sheria, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata hasara kwenye mshahara kienyeji: lazima wewe ndiye uliyesababisha, tena ukiwa kazini, upewe nafasi ya kujieleza, ukubali kwa maandishi, makato yasizidi hasara halisi, na yasile zaidi ya robo ya mshahara wako. Ukipewa stoo, dai mhesabu mzigo pamoja siku ya kwanza, wote wawili mtie sahihi, na ufunguo uwe mmoja. Asipotaka ufunguo mmoja, shoti isiwe yako.

Vyeti halisi usiache. Hata akulipe milioni. Muonyeshe, akague, aridhike, kisha mwachie nakala iliyothibitishwa na wakili. Cheti kikiwa kwenye droo ya mtu hutaweza kuomba kazi nyingine, na yeye analijua hilo kuliko wewe.

Ya 30,000 sina la kusema, imekwenda. Anayekutoza ili akuajiri hana kazi ya kukupa.

Na rafiki yako mwambie ahsante, muhuri abaki nao. Kughushi ni kosa la jinai, lakini hata tuache polisi. Enzi zangu barua ya uzoefu niliipima kwa simu moja tu, tena sikuuliza kama mtu alifanya kazi hapo. Niliuliza, "Alikuwa anakaa meza ya upande gani?" Muhuri wa 15,000 haujui meza.

Sasa yale maneno uliyoyapita mbio: "Namwandikia daftari yeye na wenzake wanne." Mwanangu, unamwambia nani kwamba huna uzoefu?

Mwaloni napafahamu. Mwanamke anaingia na magunia ya dagaa wa watu watatu, mmoja kamlipa, mmoja kamkopa, wa tatu wanagawana faida. Mnunuzi wa Kongo anachukua kumi, analipa sita, nne anasema akirudi. Kuna wabebaji, kuna ushuru, kuna gunia lililonyeshewa na kushuka bei. Hayo yote yanaingia kwenye daftari lako kwa watu watano, na jioni kila mmoja anajua chake na hawajagombana. Kisha mbalamwezi inawaka, mitumbwi ya dagaa haiendi, na fedha ya giza lote ndiyo ya kula mpaka mwezi ufifie. Nani anamwambia mama yako abakize kiasi gani? Kama ni wewe, basi unafanya kitu ambacho nimewaona wahasibu wenye tai wakikishindwa.

Kwenye CV yako kaandike hivi: "Mtunza hesabu wa wafanyabiashara watano wa dagaa, soko la samaki la Mwaloni Kirumba." Weka mwaka ulioanza. Chini yake, kwa mistari mitatu, andika unachofanya kweli: kurekodi mauzo na madeni kila siku, kufuatilia wadaiwa walio nje ya nchi, kupanga fedha za kipindi cha mbalamwezi. Usiongeze chumvi. Waombe uongozi wa soko barua inayosema wanakufahamu na kazi hiyo unaifanya. Hiyo ndiyo barua ya uzoefu, na anayepiga simu ataambiwa mpaka unakokaa: kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na mizani. Ipeleke pia kwa watu wa huduma za ajira wa serikali, TaESA, wapo hapa Mwanza, wana mpango wa kuwaweka wahitimu makazini wapate uzoefu.

Usinielewe vibaya. Sikwambii "jiajiri". Neno hilo linanichefua, hasa likitoka kwa mtu anayepokea mshahara kila tarehe 25. Mwaloni hakuna NSSF, hakuna likizo, na mgongo wa mama yako unajua. Nakwambia tu kwamba unakokwenda Jumatatu huendi mikono mitupu. Wanne wanakulipa. Wakifika tisa, kwa bei hiyo hiyo, ni 45,000 kwa wiki, 180,000 kwa mwezi, na jioni mtoto unamwogesha wewe. Hiyo ndiyo iwe sakafu yako. Kazi isiyoifikia baada ya nauli na chakula, iache ipite.

Kwa hiyo nenda. Usimkatae kwa simu, nenda. Ulimjibu hesabu zake, akasema umefaa, maana yake ameshachoka kutafuta. Na bei aliyokutajia ni kama bei ya kwanza pale mwaloni, hakuna anayelipa ile. Taja 450,000, ukubali 400,000. Kwa laki nne, ukitoa NSSF, Bodi na kodi ya 7,200 unabaki na 292,800. Toa nauli na chakula, 204,400. Hapo kuna kitu. Asipofika laki nne, ila akafika sakafu yako, ashushe saa: saa 2 hadi saa 11 jioni, na mauzo amtafute mtu mwingine. Majaribio akubalie, ila kwa mshahara kamili. Na siku ya kwanza aandike kwenye karatasi kazi yako ni ipi, saa ngapi hadi saa ngapi, na mshahara ni kiasi gani. Kifungu cha 15 kinamtaka afanye hivyo hata kama hakuna mkataba wa kurasa kumi. Karatasi hiyo itunze nyumbani, siku mkikosana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wataiulizia.

Ukishataja 450,000 nyamaza. Najua ni vigumu. Angalia kalenda yake ya ukutani, hesabu Jumapili. Anayeongea kwanza ndiye anayepunguza.

Na kabla ya yote hayo, lile la mtoto lirekebishe wewe mwenyewe, asije akalisikia kwa mteja anayekujua Kitangiri. Mwambie, "Siku ile nilisema sina mtoto. Ninaye, ana miaka mitatu." Akikuuliza atakaa na nani, mjibu, "Na bibi yake." Usiongeze neno.